Siku ya 85, Nani Anamlaza Mtoto?

Likizo ya uzazi kwa mfanyakazi wa Tanzania Bara ni siku 84. Zihesabu kwa wiki: kumi na mbili kamili. Siku ya 85 mama anavaa viatu vya kazini, mtoto ana miezi mitatu kasoro siku chache, na anabaki mikononi mwa dada wa kazi, bibi, wifi, au jirani anayelea watoto wa mtaa. Sasa chukua kalenda nyingine, ile ya madaktari wa watoto. Vifo vya ghafla vya vichanga, vile ambavyo mtoto analazwa mzima kisha anakutwa amekufa na uchunguzi hauoni sababu, hutokea zaidi kati ya mwezi wa pili na wa nne. Kalenda hizo mbili zinakutana palepale.

Kabla ya kuanza kuandika nilikuwa muuguzi kwenye kliniki ya mama na mtoto. Nilikuwa nawauliza akina mama wanaojiandaa kurudi kazini: umemfundisha nini msaidizi wako? Orodha ilikuwa ndefu. Maziwa yaliyokamuliwa yakae wapi, kikombe kichemshwe vipi, nepi ibadilishwe lini, namba ya boda wa kumkimbiza mtoto hospitali. Na kumlaza je? "Ah, hilo si anajua." Kweli anajua. Anajua alivyomwona mama yake akiwalaza wadogo zake: kwa tumbo, kanga juu hadi kichwani, dirisha limefungwa asipigwe na upepo.

Kwa hiyo jioni ya kuamkia siku ya 85, somo la kwanza liwe kitandani, na lisiwe la mdomo. Mlaze wewe ukimwonyesha, kisha mtoe mtoto, mwambie naye amlaze wewe ukitazama. Mgongo chini, uso juu: chali. Si kiubavu, maana mtoto wa kiubavu anaviringika kwa tumbo bila kukusudia. Chali usiku, chali mchana, chali hata kwa usingizi wa dakika kumi wakati dada anafua. Hapa msifanye mzaha, kwa sababu mtoto aliyezoea kulala chali, halafu siku moja mlezi mwingine akamlaza kifudifudi, yuko hatarini zaidi hata kuliko yule aliyezoea kifudifudi tangu mwanzo. Ugeni wa mkao wenyewe ni hatari.

Bibi atakataa. Atasema mtoto akicheua akiwa chali atapaliwa. Msimbishie kwa kelele, mwonyesheni. Bomba la hewa liko mbele ya koo, njia ya chakula iko nyuma yake. Mtoto akilala chali, bomba la hewa linakuwa juu na njia ya chakula chini; maziwa yakirudi, yanabaki kule chini, na ili yaingie kwenye hewa lazima yapande mlima. Mgeuze kifudifudi, mambo yanapinduka: sasa bomba la hewa ndilo liko chini, na maziwa yanateremkia humo. Mtoto mzima aliyelazwa chali hukohoa, humeza, au hugeuza kichwa. Mcheulishe begani baada ya kunyonya, kisha mlaze.

Na bibi asidharauliwe, maana ushauri wa tumbo haukuwa wa mabibi peke yao. Tangu miaka ya 1950, vitabu vya malezi vya Marekani na Ulaya, vilivyoandikwa na madaktari wakubwa, viliwaambia wazazi wawalaze watoto kifudifudi kwa hofu hiyohiyo ya kupaliwa. Uholanzi ilikuwa ya mapema kugeuka, mwaka 1987. Uingereza ikaanza kampeni yake mwishoni mwa 1991, baada ya mtangazaji maarufu wa televisheni, Anne Diamond, kufiwa na mwanawe mchanga na kuisukuma serikali ichukue hatua. Marekani, madaktari wa watoto walitoa ushauri mpya mwaka 1992 na kampeni ya taifa ikafuata 1994. Vifo vikaporomoka: Marekani vilipungua kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka kumi, bila dawa, bila mashine, bila chanjo mpya. Kinachouma ni kwamba mwaka 2005 watafiti wa Uingereza waliokusanya tafiti za zamani walionyesha kuwa kufikia 1970 ushahidi ulikuwa tayari mezani. Kwa hesabu yao, kama ungesomwa mapema, watoto zaidi ya 10,000 wa Uingereza pekee wangeweza kuokoka. Madaktari walichelewa, basi bibi naye apewe muda wake.

Mtoto akishaweza kujigeuza mwenyewe, kwa tumbo na kurudi, mlaze chali kama kawaida, akijigeuza muache. Ila siku utakayomwona anaanza tu kujaribu kugeuka, acha kumfunga kwenye shuka. Na tumbo lina wakati wake: mchana, mtoto akiwa macho, juu ya mkeka, na mtu mzima amemkodolea macho. Hapo shingo inapata nguvu na kisogo hakibonyei.

Tuingie chumbani sasa. Simaanishi chumba cha kwenye katalogi chenye kitanda cheupe cha mtoto na pazia la tembo wa bluu. Namaanisha chumba cha kupanga, kitanda kimoja cha tano kwa sita, baba, mama, mtoto, na pengine kaka yake wa miaka minne. Miongozo ya Marekani inasema mtoto alale chumba kimoja na wazazi kwa angalau miezi sita ya kwanza, ila kwenye kitanda chake mwenyewe. Chumba kimoja, sawa, hilo kwetu halina mjadala. Lakini kumwambia mama mwenye kitanda kimoja "usilale na mtoto" kisha ukampa mgongo ni kumwacha aamue peke yake saa nane za usiku, akiwa hoi. Mimi sikuwahi kuwaambia hivyo. Niliwaambia kwanza: tafuta sehemu yake hata ndogo. Ikikosekana, basi punguza hatari moja baada ya nyingine.

Sehemu yake inaweza kuwa nini? Finland tangu 1938 imekuwa ikiwapa wazazi boksi la karatasi ngumu lenye vifaa vya mtoto na kigodoro chembamba chini, na vizazi vya watoto vimelala humohumo boksini. New Zealand, Wamaori, ambao watoto wao walikuwa wanakufa kwa wingi kuliko wengine, hawakuambiwa waache kulala na watoto. Katikati ya miaka ya 2000 walibuni kitanda cha kusuka kwa majani kiitwacho wahakura, kinachowekwa juu ya kitanda cha wazazi, mtoto akiwa ndani yake. Kiliposambazwa pamoja na vitanda vidogo vya plastiki na mafunzo ya kulaza, vifo vya watoto waliovuka wiki ya kwanza vilishuka kwa asilimia 29 kati ya 2009 na 2015. Nikiangalia vikapu vya ukindu vya kwetu, mikono ya wasusi wetu, najiuliza tunasubiri nini. Cha msingi, kiwe bapa na kigumu chini, kuta zisimwangukie usoni, na ndani kusiwe na kitu kingine zaidi ya mtoto na shuka moja iliyobanwa.

Kuna ile neti ya mwavuli inayouzwa kila soko, yenye kigodoro na kimto cha rangi. Ni nzuri kwa mbu. Kimto mpe kaka yake achezee. Mtoto mchanga hahitaji mto, wala mto wenye shimo katikati wa "kutengeneza kichwa", wala sponji za kuzunguka kitanda, wala midoli. Bonyeza kigodoro kwa kiganja kisha inua: kikibaki na shimo la mkono wako, ni laini mno.

Kama lazima mlale naye kitanda kimoja, akae upande wa mama, si katikati ya watu wazima wawili wala karibu na kaka yake. Upande huo usiwe na mwanya kati ya godoro na ukuta. Mtoto hunasa humo. Mito iwe mbali na kichwa chake, blanketi lenu lisimfike. Aliyekunywa, iwe bia au mbege, alale kwingine. Anayevuta sigara vilevile, na mama akiwa mvutaji, au mtoto akiwa njiti au alizaliwa na uzito chini ya kilo mbili na nusu, hapo sina la kulegeza: atafutiwe boksi. Dawa za mafua zinazoleta usingizi nazo humfanya mtu mzima alale kama gogo. Na zisipewe mtoto ili alale! Nimekutana na walezi wanaomtilia mtoto piritoni kwenye maziwa wapate kumaliza kazi. Muulize dada yako swali hilo kwa upole, bila kumtuhumu, na umpunguzie kazi.

Halafu kochi. Mama ananyonyesha usiku sebuleni, televisheni inawaka, usingizi unampitia, mtoto anateleza kati ya mkono na mto wa kochi. Ni mahali pabaya kuliko kitanda, tena kwa mbali. Ukiona macho mazito, hamia kitandani kabla hujapitiwa.

Joto ndilo jambo linalotushinda kuliko yote, kwa sababu kwetu mtoto kuvikwa sana ni mapenzi. Hata Dar es Salaam mwezi wa pili, utamkuta amevaa kofia ya sufu, soksi, sweta, na amefungwa blanketi la manyoya. Mguse kifuani au shingoni nyuma, si viganjani. Viganja vya mtoto huwa vya baridi hata akiwa sawa. Pakiwa na jasho, vua kitu kimoja. Njombe na Makete mavazi yataongezeka bila shaka, lakini hata huko kofia ivuliwe akilala ndani, na kinachomfunika kisipite kifua. Jiko la mkaa lisilale chumbani na watu, hata kama ni desturi ya kumpasha mzazi joto. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inamaliza nyumba nzima, si mtoto tu.

Na ile kanga ya kumfunika uso wanapotoka, dhidi ya vumbi, jua, na macho ya watu. Sitaki kugombana na mtu kuhusu husuda. Tumia mwavuli. Chini ya kanga mtoto anavuta pumzi aliyoitoa mwenyewe. Mgongoni kwenye mbeleko ni hivyohivyo: pua ionekane, kidevu kisikandamizwe kifuani.

Mengine ni mepesi kusema: maziwa ya mama hupunguza hatari, chanjo zikamilishwe kwa tarehe zake, moshi wa sigara ukae mbali na mtoto hata kabla hajazaliwa. Nyonyo ya kudanganyia wakati wa kulala nayo ina msaada, ikiwa safi na isiyofungwa kamba shingoni.

Ila usikubali kila kifo kiitwe cha ghafla. Nichimonia, malaria na maambukizi ya damu huua vichanga vingi kwetu, na yote hutoa dalili. Mtoto anayekataa kunyonya, mwenye homa au mwili wa baridi, anayedegedeka, aliyelegea, anayebonyea mbavu akivuta pumzi, au aliye chini ya miezi miwili na pumzi zake zinafika 60 kwa dakika: nenda hospitali sasa, usisubiri kuche. Na ukimkuta hapumui, mlaze juu ya kitu kigumu. Mdomo wako ufunike mdomo na pua yake, pulizia pumzi mbili ndogo, kisha gandamiza katikati ya kifua kwa vidole gumba viwili mara 30, harakaharaka, kishuke kama theluthi moja. Pumzi mbili tena, 30 tena, mwingine akitafuta gari.

Wakati mwingine yote yanafanywa sawasawa na mtoto anakufa.

Wanasayansi wanaeleza hivi: baadhi ya watoto huzaliwa na sehemu ya ubongo inayoamsha mwili isiyokomaa vizuri. Mtoto mwingine hewa ikimwishia hushtuka, hugeuza shingo, hulia. Huyu anachelewa kushtuka. Kwa nje hakuna anayeweza kumtambua, si mama, si daktari. Nayasema haya kwa sababu msibani jambo la kwanza kuulizwa, kwa sauti ya chini jikoni, ni nani alikuwa naye. Mama amemlalia. Dada alimpa nini. Wifi ana jicho. Mtoto aliyelelewa na watu sita, siku ya kifo anageuka kuwa wa mtu mmoja.

Ukiwa mkubwa katika familia hiyo, kazi yako ya kwanza ni kuufunga mlango wa maneno hayo. Sema mbele ya wote, mapema, kabla turubai halijasimama: hatujui kilichomuua, na hakuna wa kulaumiwa hapa. Kisha mtoto apelekwe hospitali hata kama anaonekana amekwishakufa, daktari amwone, na alivyokutwa aelezewe bila kuongeza wala kupunguza. Polisi wakija kuuliza, ni utaratibu wa kifo cha ghafla. Mtu mmoja mtulivu akae na wazazi wanapohojiwa. Kama alikuwa pacha, mwenzake apimwe siku hiyohiyo.

Mama aachwe amshike. Watu wana haraka ya kuuchukua mwili wa kichanga, kuuzika jioni ileile na watu wanne, kama siri. Dini na mila za kila nyumba ziheshimiwe, lakini dakika thelathini za kumpakata hazivunji mila yoyote ninayoijua. Apigwe picha kama wazazi wanataka. Nguo zake msizifiche wala kuzigawa kabla ya kumuuliza mama. Yupo atakayetaka zitoke leo, na yupo atakayelala na shati lile miezi sita. Na mtoto atajwe kwa jina lake.

Baada ya siku mbili tatu maziwa yatajaa. Hakuna anayemwandaa mama kwa hili, na nimeona wakilia kwa maumivu ya matiti wakidhani ni adhabu. Avae sidiria inayomshika vizuri, aweke kitambaa cha baridi, akamue kidogo tu apate nafuu bila kuyamaliza, ameze dawa ya maumivu. Titi likiwa jekundu na homa ikaja, hospitali.

Kuhusu maneno: "pole" inatosha, au "makiwa" kwa watu wa Pwani. "Utazaa mwingine" ibaki mdomoni mwako. "Mungu kampenda zaidi" aseme mama mwenyewe akitaka. Na kaka yake wa miaka minne asiambiwe mdogo wake "amelala". Ataogopa kulala, au atakwenda kumwamsha. Mwambieni amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, na si kwa sababu wewe ulikasirika alipochukua nafasi yako.

Kuna mtu mwingine tunayemsahau. Yule dada, binti wa miaka kumi na nane, ndiye aliyefunua neti saa tano asubuhi. Jioni anapakiwa kwenye basi na begi lake, hajalipwa, hajaulizwa hata kama amekula. Alikuwa anamwogesha mtoto yule kila siku. Akae msibani kama mfiwa. Akitaka kwenda kwao, asindikizwe na mtu wa kuwaeleza wazazi wake ukweli, asifike peke yake akifuatwa na uvumi.

Baba ataonekana ana nguvu kwa sababu anashughulikia jeneza na michango. Muulize wiki ya tatu.

Karatasi nazo zina msaada wake. Kifo kiandikishwe, cheti kitoke. Kwa mwajiriwa wa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku nyingine 84 za likizo yenye malipo endapo mtoto wake atafariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Baba anazo angalau siku nne. Wengi hawaijui haki hii, na mama hana hali ya kwenda kuisoma. Ndugu mmoja aandike barua, aipeleke ofisini kwake.

Matanga yakianuliwa, ndipo nyumba inapokuwa kimya. Njoo siku hiyo. Pitia tena tarehe ile ya kliniki ambayo haitaendewa, na siku ambayo angetimiza mwaka. Leta chakula kilichopikwa, si swali la "nikusaidie nini". Kama mama halali kabisa wiki hata wiki, anasikia sauti, au anasema angemfuata mwanawe, usimwachie sala peke yake. Mpeleke hospitali, keti naye kwenye benchi.

Akipata mimba nyingine, atawahi kliniki kuliko wote. Na mtoto akizaliwa hatalala. Atawasha taa ya simu kila dakika kumi, aweke kidole chini ya pua ya mtoto. Usimwambie aache hofu. Gaweni usiku. Bibi achukue kuanzia saa tatu hadi saa sita, baba kuanzia hapo hadi saa tisa, kiti kiwe karibu na boksi, chai kwenye chupa. Anayeingia zamu amlaze mtoto mbele ya mama, chali, kanga isizidi kifua, neti ichomekwe pande zote. Kisha mama ageukie ukutani, alale.